Jasho la Hamamu: Maji ya Moto kutoka Ivuna hadi Unguja

Kusini mwa Ziwa Rukwa, mahali ambapo leo ni Wilaya ya Momba katika Mkoa wa Songwe, watu wa Ivuna walikuwa wakichemsha maji tangu karne ya 13. Hawakuchemsha maji ya kuoga. Walichota maji ya chumvi yanayobubujika pale, wakayainjika kwenye vyungu, wakakoka moto mpaka maji yakauke na chumvi ibaki. Wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen, waliofukua eneo hilo na kuchapisha matokeo yao mwaka 1968, walikuta tabaka juu ya tabaka la vigae na majivu, na kazi yenyewe iliendelea hadi karne ya 15. Ukiwaza ni kuni kiasi gani zilikatwa na kubebwa katika miaka yote hiyo, utaelewa kwa nini chumvi ya Ivuna ilikuwa mali ya kubadilishana na majirani wa karibu na wa mbali.

Katika enzi hiyohiyo, upande wa pili wa nchi, Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa alijenga Husuni Kubwa juu ya jabali linalotazama bahari. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kumkuta sultani huyo, aliyejulikana kwa jina la Abu al-Mawahib kwa wingi wa zawadi alizotoa. Ndani ya jumba lile kulikuwa na birika la pembe nane, la kuogelea na kujipoza joto la mchana. Magofu yake yapo hadi leo, na ukisimama ukingoni mwake jambo la kwanza linalokujia ni swali: maji yalitoka wapi? Juu ya jabali lile hakuna chemchemi wala mto. Yalichotwa chini, yakapandishwa kwa mikono.

Nimeanza na hayo mawili kwa sababu watu wakizungumzia hamamu, yaani nyumba ya kuogea kwa mvuke na maji ya moto, husimulia marumaru, kuba na manukato, kisha wananyamaza. Mimi naona historia ya kuoga kwa raha ni historia ya kazi kwanza. Kuna aliyechota, kuna aliyepasua kuni, kuna aliyesugua na kukanda, na kuna aliyelala chali juu ya jiwe lenye joto akifumba macho. Sisi wa Songwe tunahusika na historia hiyo kuliko tunavyodhani.

Hamamu yenyewe ni ya kale kuliko Waturuki. Warumi walikuwa na majengo ya kuogea yenye sakafu iliyoinuliwa juu ya nguzo fupi, na chini yake moshi na hewa ya moto vilipita vikiipasha sakafu yote. Waarabu walipoichukua Shamu katika karne ya 7 waliyakuta majengo hayo yakifanya kazi, wakayapenda. Jangwani Yordani bado limesimama jengo dogo la Qusayr Amra, lililojengwa na Bani Umayya katika nusu ya kwanza ya karne ya 8, lenye ukumbi wa wageni ubavuni na vyumba vya kuogea vyenye joto tofauti. Dini nayo ililipa jambo hilo nguvu. Mtu anayeswali anahitaji maji, anayetoka janaba anahitaji kuoga mwili mzima, na mji wenye msikiti mkubwa ukajikuta unahitaji hamamu karibu yake. Waturuki wa Dola ya Osmania wakaifikisha kazi hiyo kileleni. Hamamu ya Çemberlitaş mjini Istanbul, iliyojengwa mwaka 1584 kwa amri ya Nurbanu Sultan, bado inapokea waogaji.

Anayeingia humo huvua nguo katika chumba cha baridi na kujifunga kitambaa kiunoni. Hukaa katika chumba cha vuguvugu mpaka mwili uzoee, kisha huingia chumba cha joto chenye kuba iliyotobolewa matundu ya kioo, ambayo mwanga hupenya kwayo. Katikati kuna jukwaa la marumaru linalopashwa moto kwa chini. Hapo ndipo mtu hulala akitoka jasho mpaka ngozi ilainike. Mhudumu huja amevaa mfuko wa kitambaa kinachokwaruza mkononi, humsugua kuanzia mabegani hadi nyayoni, na nongo hutoka kwa vijipande vya kijivu ambavyo humshangaza hata aliyeoga asubuhi ileile. Halafu povu la sabuni humwagwa juu yake mpaka asionekane, na ndani ya povu hilo hukandwa: mashavu ya miguu, kiuno, shingo, viungo vya vidole. Maji ya vuguvugu humaliza kazi. Nje husubiri taulo kavu na glasi ya chai. Waturuki hupendelea maji yanayotiririka kwenye mabakuli ya marumaru ukutani. Waajemi wao walipenda zaidi birika kubwa la kuzamia, na tofauti hiyo ina maana kwetu, kwa sababu hamamu iliingia Unguja kutoka Uajemi.

Nje ya Istanbul, wageni wanaokwenda Uturuki kwa mapumziko humiminika Pamukkale, magharibi mwa nchi. Huko maji ya moto yenye chokaa yametoka mlimani kwa maelfu ya miaka na kujenga ngazi nyeupe zinazoonekana kwa mbali. Juu ya ngazi hizo uko mji wa kale wa Hierapolis, na jengo la hamamu la Warumi wa mji huo sasa limekuwa makumbusho. Mahali hapo paliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1988.

Jiwe la Pamukkale linaitwa travatini. Maji yakipita chini kwa chini katika miamba huyeyusha chokaa, na yakifika juu hewa ya ukaa hutoka, chokaa hubaki, jiwe hukua kidogokidogo. Jambo hilohilo limetendeka katika bonde la mto Songwe unaomwaga maji yake Ziwa Rukwa, mpakani mwa mikoa ya Mbeya na Songwe. (Tunayo mito miwili yenye jina hili. Ule mwingine ndio mpaka wetu na Malawi, na unaingia Ziwa Nyasa.) Maji yanatoka yakiwa yamefika karibu nyuzi 80 katika baadhi ya matundu, mvuke ukipanda asubuhi kukiwa na baridi, na pembeni mwa chemchemi travatini imelala kwa matabaka mazito. Jiwe hilo limechimbwa na kukatwa kuwa marumaru za sakafuni. Mawe ya chokaa ya bonde hilo ndiyo yaliyovuta kiwanda cha saruji kujengwa Songwe, na maelfu ya watu wanaoishi ndani ya nyumba za saruji hiyo kutoka Tunduma hadi Mbeya hawana habari kwamba maji ya moto yana mkono katika kuta zao. Ukumbi wa michezo wa Colosseum kule Roma umejengwa kwa travatini, na ukiangalia kwa makini kipande cha Songwe utaona matundu yaleyale madogo na mistari ileile ya rangi ya krimu.

Kwenye tundu lenyewe maji hayo hayaogeki, yanababua. Mahali pa kuoga ni pale chini, yanapochanganyika na maji baridi ya mto, ambapo mtu huchagua mwenyewe joto analoliweza kwa kusogea huku na huku.

Sasa twende Unguja.

Seyyid Said bin Sultan wa Oman alipohamishia makao yake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, alijenga kasri lake la kwanza Mtoni, kaskazini kidogo ya mji, kando ya kijito kinachoingia baharini. Binti yake Salme alizaliwa humo mwaka 1844, na kumbukumbu alizozichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886, akiwa mjane anayeishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, ndizo zinazotuingiza ndani ya vyumba ambavyo mgeni hakuruhusiwa. Anasimulia safu ya nyumba za kuogea mwishoni mwa ua, zaidi ya kumi, na hamamu ya Kiajemi iliyojitenga kwa ubora wake. Nyumba hizo hazikuwa tupu, iwe usiku au mchana. Watu wa kasri, anaokadiria kuwa kama elfu moja, walikwenda kuoga mara kwa mara kwa siku. Walioga, walipumzika, waliswali, walizungumza. Maji ya kijito cha Mtoni ndiyo yaliyowezesha yote hayo, na huenda ndiyo yaliyomfanya Seyyid Said achague mahali pale.

Baadaye Said alimwoa binti mfalme wa Kiajemi, mjukuu wa Shah Fath Ali. Salme alimfahamu kama Schesade. Alikuwa mwanamke wa farasi na mawindo, aliyekuja na watu wake kutoka Uajemi na kuvaa vito vilivyowashangaza wake wenzake, na hakukubali kufungiwa ndani. Ni kwa ajili yake, inavyosimuliwa Unguja hadi leo, kwamba mwaka 1850 ilijengwa hamamu ya Kidichi, katikati ya mashamba ya karafuu na minazi, mahali palipoinuka. Nje jengo lile ni la kawaida, kuba nyeupe chache zilizochakaa kwa mvua. Ndani kuta zimepambwa kwa lipu iliyochongwa tausi, mitende na maua ya aina ya yungiyungi. Fundi aliyeichonga alijua kazi yake. Shingo ya tausi inapinda vizuri, na manyoya yamepangwa moja moja, ijapokuwa ukungu umeila nusu ya ndege. Mapambo yenye sura za viumbe hai ni adimu sana katika majengo ya Waarabu wa Oman, na hapo ndipo unapotambua kwamba chumba kile kilijengwa kumpa mtu mmoja kipande cha kwao. Ndoa haikudumu. Hawakupata mtoto, Said akamwacha, naye akarudi Uajemi. Kuna hamamu nyingine Kizimbani, mahali penye historia ndefu ya karafuu, iliyojengwa bila mapambo yoyote.

Nani alichota maji ya Kidichi? Mashamba yaliyoizunguka hamamu yalilimwa na watumwa, na watumwa hao walikuwa na kwao. Konseli wa Uingereza, Christopher Rigby, aliandika kwamba mwaka 1859 watumwa kama 19,000 waliingizwa Unguja, na kwamba wengi wao walitoka nchi za Ziwa Nyasa. Walishuka kwa miguu hadi Kilwa Kivinje, kisha wakapakiwa majahazini.

Ukanda ulio kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, wenye Wanyiha, Wanyamwanga, Wandali na Wasafwa, ulikuwa ndani ya mtandao huo. Msafiri Joseph Thomson alipita huku mwaka 1879 akitokea Nyasa kuelekea Tanganyika. Miaka michache baadaye ilianza kulimwa Barabara ya Stevenson, kutoka Karonga kuelekea Ziwa Tanganyika, na njia hiyo ilipita karibu na pale ambapo leo Nakonde inatazamana na Tunduma. Katika miaka ya 1880 mfanyabiashara Mswahili Mlozi bin Kazbadema alijenga ngome zake karibu na Karonga, kusini tu ya mto Songwe ule wa mpakani, akauza pembe za ndovu na watu mpaka aliposhindwa na kunyongwa mwaka 1895. Mmisionari wa Kimoraviani, Elise Kootz-Kretschmer, aliandika katika nyanda hizi visa vya wanawake waliotekwa wakiwa watoto, wakauzwa kwa nguo, kwa ng'ombe, kwa chakula, wakahamishwa kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Waliosimulia ni wale waliobahatika kubaki bara. Waliofika pwani wengi hawakuachiwa nafasi ya kusimulia.

Ndiyo maana naitazama hamamu ya Kidichi kwa macho mawili. Uzuri wake ni wa kweli na nitauheshimu. Lakini mtu aliyetekwa kutoka nchi ambamo maji ya moto yanatoka ardhini bila gharama, akaishia kupanda kilima cha Unguja na mtungi kichwani ili mwingine aoge, huyo naye ni mwenye historia ya mahali pale kama alivyo binti wa Kiajemi.

Sultani Barghash bin Said, mwana wa Seyyid Said, alirithi kiti mwezi Oktoba 1870. Mji aliourithi ulikuwa umetoka kwenye kipindupindu cha 1869 na 1870, kilichoua watu wengi mno. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu Unguja wakati huo, alifuatilia njia ya ugonjwa huo kutoka bara hadi pwani, na kitabu chake cha 1876 ni shahidi mkubwa wa hali ya maji ya mji: visima vifupi vilivyochimbwa karibu na vyoo, na watumwa wanawake wakibeba mitungi nyumba hadi nyumba. Mwaka 1872 kimbunga kikaangusha mikarafuu ya Unguja. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash akatia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa na kupiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria mpaka 1897, kwa hiyo katika utawala wake wote, hadi alipofariki mwaka 1888, kazi za nyumbani na mashambani ziliendelea kufanywa na watumwa.

Barghash alikuwa amekaa uhamishoni Bombay kwa sababu ya kugombea kiti na ndugu yake, na mwaka 1875 alitembelea Uingereza. Aliona miji yenye mabomba. Aliporudi alijenga kwa kasi ambayo Unguja haikuwahi kuiona: Beit al-Ajaib iliyokamilika mwaka 1883, kasri la Maruhubi lenye hamamu yake, na juu ya yote mfereji ulioleta maji safi mjini kutoka chemchemi ya Chemchem. Kwangu mimi kazi kubwa kuliko zote ni hiyo ya mwisho. Beit al-Ajaib ilipewa taa na lifti, lakini bomba lilimwondolea mama wa Ng'ambo mzigo kichwani, hata kama si mara moja na si kwa wote.

Katika utawala huo ndipo ilipojengwa hamamu ya mjini, ile ambayo mtaa mzima unaitwa Hamamni kwa ajili yake. Fundi alikuwa Mwajemi, Haji Gulamhussein. Tofauti na Mtoni au Kidichi, hii ilifunguliwa kwa umma. Mtu mwenye uwezo wa kulipa kiingilio aliingia, wanaume kwa saa zao na wanawake kwa zao. Palikuwa na ukumbi wa kupokelea, chumba cha kinyozi, vyumba vya kunyoa mwili, vyoo, vyumba vya mvuke, na mabirika mawili ya maji baridi na maji ya moto. Sakafu ilipashwa kwa chini, maji ya moto yakipita katika mifereji iliyofichwa. Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na mawe hayohayo, kwa hiyo hata kabla ya birika kujazwa, msitu wa kuni ulikuwa umekwisha kuteketea.

Kwa miaka kama 40 hivi hamamu ile ilikuwa mahali pa kukutana. Bwana harusi aliletwa na rafiki zake. Biashara zilizungumzwa mtu akiwa na kikoi tu kiunoni, hali ambayo haimwachii tajiri nafasi kubwa ya kujikweza. Ilifungwa mwaka 1920, nyakati ambazo nyumba nyingi zaidi za mjini zilikuwa na maji ya bomba na bafu zao. Leo ni jengo la kutembelewa, ndani ya Mji Mkongwe uliotangazwa Urithi wa Dunia mwaka 2000. Mabirika ni makavu.

Watu wengi wanaamini kwamba hamamu ilipofungwa mambo yake yalikwisha. Hayakwisha. Yalikuwa yakifanyika majumbani tangu zamani, mikononi mwa wanawake, na yanaendelea. Unguja, Pemba, Lamu na Mombasa bibi harusi husingwa. Somo wake humkalisha ndani kwa siku kadhaa kabla ya harusi. Husaga liwa na dalia, huchanganya na maua ya mawaridi, kilua, langilangi na asumini, hutia karafuu iliyopondwa na marashi, na kumpaka mwari mwili mzima. Mchanganyiko huo, yaani singo, ukianza kukauka humsugua taratibu kwa viganja, kuelekea chini, na ngozi iliyokufa huporomoka pamoja na unga. Kisha humwogesha, humkanda kwa mafuta ya nazi, na kumfukiza udi mpaka harufu ikae kwenye nywele na nguo. Ukilinganisha na kazi ya msuguaji wa Istanbul, hatua zinafanana mno: kulainisha, kusugua, kuosha, kukanda, kupumzisha. Tofauti kubwa ni kwamba somo huongea wakati wote. Anamfundisha mwari maisha ya ndoa huku mikono ikifanya kazi, na mafunzo hayo nayo ni sehemu ya matunzo.

Bara tunacho cha kwetu. Katika nyumba nyingi za Mbozi, Momba na Ileje, kama ilivyo sehemu kubwa ya Tanzania, mwanamke akijifungua huja mama yake, mama mkwe au shangazi kumkanda. Maji huchemshwa kwenye sufuria kubwa asubuhi na jioni. Mkandaji huchovya taulo, hulikamua, hulijaribu kwanza nyuma ya mkono wake, kisha hulibandika tumboni na kulibana kwa viganja viwili. Mzazi hushika kitanda na kuguna. "Vumilia, mwanangu," huambiwa, na taulo hurudi majini. Kiuno, mgongo, mapaja, miguu. Wahudumu wa afya huonya, na wana haki, kwamba maji yenye joto kali yameunguza wazazi wengi na kwamba aliyeshonwa anahitaji uangalifu wa pekee. Lakini muulize mwanamke aliyekandwa vizuri, kwa maji ya joto la kadiri na mikono inayojua, atakuambia kwamba siku zile ndizo alizohudumiwa kuliko siku nyingine zote za maisha yake.

Na kuna nyungu. Chungu au sufuria yenye majani ya mwarobaini, mkaratusi, mchaichai na maganda ya malimau huchemshwa mpaka itoe mvuke. Mgonjwa huketi kwenye kigoda, chungu kati ya miguu, akafunikwa blanketi zito kuanzia kichwani. Gizani humo hamna kitu ila harufu na joto. Jasho huanza kwenye paji la uso, likashuka mgongoni kwa mifereji, pumzi ikafunguka. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipoingia na Rais John Magufuli akahimiza kujifukiza, nyungu ilitoka uani ikaingia katika mazungumzo ya taifa zima. Haikuthibitishwa kuwa inatibu korona, na ni lazima kusema hivyo waziwazi kwa sababu watu walifariki. Ila kama njia ya kutoa jasho, kufungua pua na kulegeza mwili uliochoka, nyungu ni chumba cha mvuke cha mtu asiye na kuba. Bibi wa Tunduma anayeiandaa kwa mjukuu wake anafanya kazi ileile ya moto, maji na mwili iliyofanywa Hamamni, tena anaifanya kwa upendo na bila kulazimishwa na mtu.

Siku hizi wafanyabiashara wa Kitanzania wanakwenda Istanbul kununua nguo na mapazia, na baadhi yao wakimaliza kufunga mizigo huingia hamamu kujipumzisha kabla ya safari ya kurudi. Wanastahili. Anayefanya biashara ya mpakani Tunduma, penye foleni za malori ya Zambia na Kongo na vumbi la mchana kutwa, ana kila sababu ya kutaka kusuguliwa mwili na mtu anayejua kazi. Zanzibar nako nyumba za urembo na mahoteli vinawauzia watalii singo na kukandwa kwa bei ambayo mwenyeji hutazama mara mbili. Kazi iliyokuwa ya somo imekuwa ajira yenye mshahara, na naipongeza hatua hiyo mradi mshahara uwe wa haki na fundi atambuliwe kuwa fundi.

Kwa upande wa Songwe, Serikali kupitia Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania imeyaweka maji yetu ya moto miongoni mwa miradi yake mitano ya kipaumbele, pamoja na Ngozi, Kiejo-Mbaka, Natron na Luhoi. Lengo kuu ni umeme, lakini joto la chini ya ardhi linaweza pia kukausha mazao na kuogesha watu. Naandika haya nikitumaini kwamba siku litakapojengwa bafu la wageni katika bonde lile, marumaru zake zitakatwa kutoka travatini ya palepale, vyumba vitakuwa na saa za wanawake na saa za wanaume kama Hamamni, na wakandaji wa kwanza kuajiriwa watakuwa wanawake wa vijiji vya jirani ambao wamewakanda wazazi miaka yote bila malipo. Wafundishwe usalama wa maji ya moto, nao wawafundishe wengine ufundi wa mikono yao. Kiingilio kipangwe ili mkulima wa kahawa wa Mbozi aweze kukilipa baada ya mavuno.

Mpaka bafu hilo litakapojengwa, mtu wa Tunduma mwenye likizo anaweza kusafiri hadi Dar es Salaam, kisha apande boti hadi Unguja. Aanze Kidichi akawaone tausi, apite Mtoni kwenye magofu ya kasri, amalizie Hamamni. Kiongozi wa watalii atamwonyesha mabirika, chumba cha kinyozi na kuba zenye matundu. Amsikilize mpaka mwisho, kisha amuulize moto uliwashwa wapi, kuni ziliingilia mlango gani, na ni watu wa makabila gani waliokuwa wakizibeba.